Damu kwa Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Ni Hisani au ni Haki?



Kila tarehe 14 Oktoba taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Butiama, ambaye Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Hukumbukwa kwa uhuru, kwa umoja na kwa uadilifu wake. Ugonjwa uliomwondoa ni nadra kutajwa. Mwalimu alifariki mwaka 1999 katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, akiwa na saratani ya damu. Hatulikumbushi jambo hili ili kuhoji matibabu aliyopewa. Taifa lilimtendea baba yake yaliyostahili. Twalikumbusha kwa sababu ugonjwa huo haukuzikwa pamoja naye pale Butiama. Upo Sirari na Nyamongo, upo Mugumu na Nata, na unawapata wakulima na wafugaji ambao hakuna ndege itakayowapeleka London.

Katika kijitabu hiki twataka kusema juu ya mgonjwa mmoja tu kati ya wengi: yule mwenye saratani ya damu ambaye waganga wamekwisha kumwambia kwamba hatapona, akarudishwa nyumbani kwake Tarime au Serengeti ahudumiwe hadi mwisho. Je, mtu huyu anayo bado haki ya kuongezewa damu? Au akishaambiwa kwamba hatapona, damu nayo inakuwa si yake tena?

1. Hali Ilivyo

Saratani za damu ni za aina nyingi. Ipo lukemia, inayoanzia katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Zipo saratani za tezi, na ipo ile inayokula mifupa ya watu wazima. Eneo letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza uvimbe unaoota kwenye taya za watoto, na saratani hiyo ya tezi ikaja kuitwa kwa jina lake. Watoto wengi wenye uvimbe huo walitibiwa katika hospitali ya Wamenoni ya Shirati, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime na sasa imo Rorya. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa sehemu hizi walipewa dawa ya klorokwini ili ichunguzwe kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Uchunguzi haukutoa jibu la kukata shauri, lakini watu wa Mara walitoa watoto wao kwa ajili ya elimu ya dunia nzima. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba saratani ya damu ni ugonjwa wa wageni au wa mijini.

Hapa yatupasa kutahadharisha: si kila mwenye saratani ya damu ni wa kufa. Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt akiwahishwa hospitali na kumaliza dawa zake aweza kupona kabisa. Mzazi anayemweka nyumbani kwa waganga wa kienyeji hadi uvimbe ufunge jicho anamnyima nafasi hiyo. Lakini wapo ambao wamechelewa, na wapo ambao ugonjwa umezishinda dawa. Hao ndio tunaowasemea leo.

Mgonjwa wa namna hii damu yake hupungua kwa sababu uboho umeshindwa kuitengeneza. Chembe nyekundu zikipungua, moyo humwenda mbio, pumzi humkatika, na hatua kumi kutoka kitandani hadi mlangoni huwa safari. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, zikipungua, hutoka damu puani na kwenye fizi. Akiongezewa damu, haponi. Lakini kwa siku kadhaa, pengine kwa wiki moja au mbili, hupata pumzi. Huweza kuketi na kula pamoja na wanawe, kuongea na ndugu aliyekosana naye, kugawa mali yake kwa akili timamu, na kupokea Sakramenti akiwa macho. Asiyewahi kuuguza asizidharau siku hizo. Aliyeuguza anajua thamani yake.

Sasa mfikirieni mama aliyerudishwa kijijini kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Tarime hadi Mwanza ni mwendo wa kilomita zipatazo 300. Amerudi na karatasi iliyoandikwa kwamba atunzwe kwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso pale ugonjwa usipoponyeka. Hatuna katika wilaya zetu nyumba ya hospisi kama ile iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1990 au Kampala mwaka 1993. Hospisi yake ni kitanda chake, binti yake, na mhudumu wa kujitolea anayepita kwa baiskeli. Baada ya wiki mbili pumzi inamwishia. Wanambeba kwa pikipiki hadi hospitali iliyo karibu. Pale huulizwa maswali mawili. La kwanza: si ameandikiwa tiba shufaa, damu ni ya nini tena? La pili: wako wapi ndugu wa kurudisha damu?

Hatumlaumu muuguzi anayeuliza maswali hayo. Yeye anaona jokofu lenye chupa tatu, na anajua kwamba usiku huohuo aweza kuletwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto ambaye malaria imemmaliza damu. Lakini yatupasa kuyajibu maswali yake.

2. Hesabu Isiyokubali

Tuanze na swali la ndugu. Tangu mwaka 2004 nchi yetu inao Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Lengo lake ni kwamba damu itolewe kwa hiari, bila malipo, na ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Hata hivyo, mahali pengi ndugu bado huombwa kurudisha damu iliyotumiwa na mgonjwa wao.

Utaratibu huo wa kurudisha waweza kufaa kwa tukio la mara moja, kama ajali au uzazi. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu haufai hata kidogo, na sababu yake ni ya hesabu. Tuseme mgonjwa anahitaji chupa mbili kila baada ya wiki mbili. Kwa mwaka mzima ni chupa 52. Mwanamume mwenye afya huruhusiwa kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mgonjwa mwenye kaka wanne atawamaliza wote katika safari mbili za kwanza. Kisha watapaswa kungoja, naye hawezi kungoja. Ndipo familia huanza kuuza mbuzi ili kumtafuta mtu wa kumpa chochote atoe damu, na hapo biashara ya damu huzaliwa, ingawa damu haiuzwi. Tena mjane asiye na kaka, na mtu aliyetengwa na ukoo wake, hao hushindwa siku ya kwanza.

Igeuzeni sasa hesabu hiyohiyo. Chupa 52 kwa mwaka ni kazi ya wanaume 13 tu, kila mmoja akitoa mara nne. Wanaume 13! Jumuiya mbili au tatu za kigango kimoja zinao. Mzigo unaovunja familia moja ni mwepesi kwa kigango. Twasema basi kwamba tatizo la mama yule si la ukoo wake. Ni letu sisi tulio jirani zake.

Na hatuwezi kutoa mara moja kwa wingi tukaridhika. Damu nzima huhifadhiwa kwenye jokofu kwa siku 35 tu, kisha humwagwa. Chembe sahani hazifiki hata wiki moja, kwani mwisho wake ni siku 5, tena zahitaji mashine zisizopatikana katika hospitali za wilaya. Sikukuu moja ya kuchangia damu kwa mwaka, yenye ngoma na picha, haimsaidii mgonjwa wa mwezi wa tatu baada ya sikukuu. Kinachomsaidia ni watu wachache wanaokuja kwa zamu.

3. Je, si Kupoteza Damu?

Twarudi kwenye swali la kwanza, ambalo ni zito zaidi. Wapo Wakristo wema wasemao: damu ni chache, mgonjwa huyu atakufa tu, afadhali apewe atakayeishi.

Twakiri wazi kwamba ikiwa jokofu lina chupa moja, na mbele ya daktari wapo mama anayevuja damu katika uzazi na mgonjwa wa saratani aliye katika siku zake za mwisho, chupa ile ni ya mama. Mgonjwa mwenyewe, akiulizwa, mara nyingi atasema hivyo. Hatudai kwamba wa kufa amtangulie wa kuishi. Tunachokataa ni kuifanya dharura ya usiku mmoja kuwa sheria ya kila siku. Jokofu halikuumbwa na Mungu likiwa na chupa moja. Lina chupa moja kwa sababu sisi hatukwenda. Haifai tuufanye uvivu wetu kuwa hukumu juu ya mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwa miaka mingi kwamba nchi ikikusanya chupa 10 kwa kila watu 1,000 hutosheleza mahitaji yake ya msingi. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Mara ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3. Kwa kipimo hicho mkoa wahitaji chupa zipatazo 23,000 kwa mwaka. Kila mmoja na ajiulize: katika hizo, yangu ni ipi?

Mafundisho ya Kanisa yanatusaidia kutopotea upande wowote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2278 na 2279, yafundisha kwamba ni halali kuacha matibabu yaliyo mzigo mzito na yasiyolingana na matokeo yake, bali matunzo ya kawaida anayostahili mgonjwa hayakatizwi hata kifo kikiwa karibu, na kwamba tiba shufaa ni namna ya pekee ya upendo usiotafuta faida. Barua ya Samaritanus bonus ya mwaka 2020 imerudia fundisho hilo. Je, kuongezewa damu kuko upande upi? Jibu letu ni hili: tazama inamfanyia nini mgonjwa. Kama chupa mbili humrudishia pumzi akaweza kuketi na kusali, hayo ni matunzo. Kama amekwisha kudhoofu kiasi kwamba safari ya hospitali humwumiza kuliko ugonjwa, na damu haimpi nafuu tena, basi kuacha si kumwua. Ni kuukubali ukomo wa mwanadamu. Daktari, mgonjwa na ndugu zake waketi pamoja na kuamua kila mara, tena kwa ukweli. Kumwambia mgonjwa kwamba damu itamponya ni kumdanganya. Kumnyima kwa sababu hataponywa nayo ni kumhukumu.

Na ugumu huu si wa maskini peke yao. Nchini Marekani, bima ya wazee imelipia hospisi tangu mwaka 1983 kwa kiwango maalumu cha kila siku. Damu ni ghali kuliko kiwango hicho, kwa hiyo hospisi nyingi huwa haziitoi. Uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa wa lukemia huko huingia hospisi wachache na kwa kuchelewa kuliko wenye saratani nyingine. Wanalazimika kuchagua kati ya damu ya hospitali na utulivu wa hospisi. Sisi, ambao ndio kwanza tunajenga utaratibu wetu, tusiujenge juu ya kosa hilo. Serikali imekwisha kuwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Twaomba wanaoitekeleza wasisahau kwamba mgonjwa wa tiba shufaa naye huhitaji damu.

4. Damu Tunayoimwaga

Kama Tume ya Haki na Amani hatuwezi kunyamaza juu ya jambo jingine. Wilaya zetu zimejulikana nchini kwa damu iliyomwagika. Koo zimepigana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya mashamba, hata Tarime na Rorya zikawekewa Kanda Maalumu ya Polisi. Wasichana wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 yawalinda walio chini ya miaka 18, na wengine wamevuja damu hadi kufikishwa hospitali au kaburini.

Aliyekatwa panga na aliyekeketwa huokolewa kwa chupa kutoka jokofu lilelile analolitegemea mama wa saratani. Hatusemi wasiokolewe, waokolewe kwanza! Lakini kila anayeinua panga, na kila anayempeleka binti yake kwa ngariba, ajue kwamba anakunywa kisima cha jirani mgonjwa. Kijana wa ukoo mmoja akitoa damu, haandiki juu ya mfuko kwamba ipewe ukoo wake. Itampata yeyote ambaye kundi lake la damu linapatana nayo, pengine wa ukoo ule waliopigana nao jana. Hakuna mkutano wa usuluhishi ulio na ahadi kubwa kuliko hiyo.

5. Yatupasayo Kutenda

Kwanza, kila parokia na iwe na daftari la wachangiaji wa hiari, likitunzwa na mtu mmoja mwaminifu, nao wapangwe kwa zamu ili kila mwezi wawepo wanaokwenda. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na damu ya kutosha. Hutoa kiasi cha mililita 450, na mwili wenye afya huirudisha. Anayeogopa kupimwa ajue kwamba majibu ni siri yake; hayasomwi kanisani.

Pili, UWAKA, WAWATA na VIWAWA waipokee kazi hii kama sadaka ya Kwaresima na ya Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, lakini wasiishie siku hizo.

Tatu, twawaomba wakuu wa hospitali na vituo vya afya, vya serikali na vya madhehebu yote, watenge kitanda cha mchana. Chupa moja ya damu huingia kwa muda usiozidi saa 4. Mgonjwa aweza kuja asubuhi, apimwe, aongezewe, na jioni alale kwake, bila kulazwa upya. Na neno "tiba shufaa" kwenye faili lake lisiwe kufuli la mlango.

Nne, wahudumu wa majumbani wafundishwe la kufanya damu inapokosekana au isipofaa tena. Zipo dawa za kupunguza utokaji wa damu, na mofini ya kunywa hupunguza maumivu na pia ile hofu ya kukosa pumzi. Mgonjwa anayetokwa damu atandikiwe shuka na taulo za rangi nyeusi au nyekundu iliyokoza, ili yeye na watoto wasitishwe na wanachokiona. Jambo dogo kama hili ni huruma kubwa.

Tano, viongozi wa jumuiya wasiwe na haya kuzungumza na wazee wa mila. Neno la mzee juu ya kuchangia damu hufika mahali ambapo tangazo la Misa halifiki.

Wengi wetu twakumbuka jinsi parokia zilivyowatunza wagonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1990, wakati ambapo hapakuwa na dawa na majirani walikimbia. Hatukuwaponya, lakini hawakufa kama waliotupwa. Msamaria Mwema hakuuliza kama yule mtu kando ya njia angepona ndipo amfunge majeraha. Kwa kichwa cha kijitabu hiki, basi, jibu letu ni kwamba ni haki. Hisani hutolewa na mtu anapojisikia. Haki hudai daftari, zamu, na mtu wa kuulizwa pale zamu isipofika.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

Je, katika jumuiya yetu yupo mgonjwa aliyerudishwa nyumbani ambaye hatujamtembelea mwezi huu? Ni wangapi kati yetu tumewahi kutoa damu, na ni nini kimewazuia wengine? Je, twaweza kuwapata watu 13? Majina yao yaandikwe kabla ya kufunga sala ya leo.